Vifurushi vya basi kutoka Tanga hadi Songea: tathmini ya mke wa mwanajeshi

Huduma ninayoitathmini hapa haiko chini ya paa moja wala jina moja. Ni huduma ya kusafirisha vifurushi kwa mabasi ya abiria kutoka Tanga, kupitia Dar es Salaam, hadi Songea, ambayo nimekuwa nikiitegemea tangu mume wangu, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, alipohamishiwa mkoani Ruvuma. Wazazi na ndugu zangu wako Tanga mjini na Muheza. Wakwe zangu wako Musoma, mbali zaidi kuliko kwetu. Nasi tunaishi katika kota za kambi ambayo, kwa sababu zinazoeleweka, sitaitaja. Makampuni nayo sitayataja, kwa kuwa wenye mabasi hubadili njia, makarani huhama dirisha, na atakayesoma tathmini hii mwakani huenda akamkuta mtu mwingine kabisa kwenye kiti kilekile. Ninachotaka kukipima ni namna kazi yenyewe inavyofanywa.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kwa kasi, kwa bei na kwa uwezo wa kupokea karibu kila kitu ambacho mama mzazi anaweza kufikiria kumpelekea bintiye, sijapata huduma inayoizidi. Upungufu wake mkubwa ni mmoja, nao hujirudia karibu katika kila kituo: ofisi hizi humhesabu aliyelipa kuwa ndiye mteja, na yule anayesubiri upande wa pili huonekana kama mtu aliyekuja kuomba. Kwa familia nyingine hiyo ni kero ndogo. Kwa mke wa mwanajeshi, ambaye karibu kila mara ndiye anayesubiri, ndilo jambo lenyewe.

Nianze na njia, kwa sababu hata watu wa nyumbani wanaonitumia mizigo hawaijui vizuri. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 350. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea, kwa barabara ya Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako na Njombe, ni takriban kilomita 950. Mzigo wangu huletwa kwanza Dar es Salaam, hubadilishwa basi katika kituo cha Mbezi, kisha huanza safari ya kusini. Kwa hiyo, basi la Tanga likitumia njia ya Chalinze, mzigo hupita hapo ukielekea pwani na baadaye hupita palepale ukirudi bara. Niliwahi kumuuliza karani wa Tanga kwa nini usishushwe Chalinze na kupakiwa basi la Songea hapohapo kando ya barabara. Alinijibu kwa swali: "Dada yangu, ukishushwa Chalinze, nani atausaini?" Nimeacha kuulalamikia mzunguko huo.

Yako pia magari yanayofika Songea kwa njia ya Lindi, Masasi na Tunduru, ambayo sasa ni ya lami. Hata hivyo, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya mwezi Mei mwaka 2024 ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, na waliokuwa na mizigo upande ule walisubiri hadi njia ilipofunguliwa. Njia ya Iringa nayo ina mlima Kitonga, ambako lori moja likiharibika kwenye kona foleni huenda mbali, lakini kuchelewa kwa Kitonga kwa kawaida ni kwa saa na si kwa siku. Kwa sababu hiyo huwa namwomba mama aulize, kabla ya kulipa, kama basi la Songea litakalochukua mzigo linapita Makambako.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie Posta. Natumia Posta. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nyaraka za shamba la urithi, na kila karatasi ambayo ikipotea itanilazimu nisafiri kwenda kuitafuta upya, hutumwa kwa EMS, huduma ya Posta ya kutuma kwa haraka, kwa kuwa huko kuna namba ya ufuatiliaji na mtu hujua barua yake imelala wapi. Fedha hazihitaji basi wala Posta: tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, kaka yangu anaweza kunitumia mchango wa matibabu nikiwa nimekaa sebuleni. Ila papa mkavu, nazi, machungwa ya Muheza na iliki ya Amani havipiti kwenye simu, na Posta si mahali pa kupeleka ndoo inayonuka samaki. Vitu hivyo vinahitaji buti la basi, na havivumilii kukaa ghalani wiki nzima.

Wapo pia wanaosema kwamba Songea kuna soko, na ni kweli. Soko la Songea ni zuri kwa maharage, mahindi na mboga kuliko soko lolote nililolizoea kule pwani, na nazi zipo. Ni bei tu, na pia ni kwamba nazi iliyosafiri na mchuuzi, ikakaa juani, ikapita mikono mitatu kabla ya kunifikia mimi, mara nyingi nikiivunja nakuta maji yameshachacha. Nazi anazozipakia mama yangu hufika nzima. Huzifua mwenyewe, na kila moja huiachia kishungi cha makumbi juu ya macho, kwa kuwa nazi iliyovuliwa makumbi yote huharibika upesi. Papa mkavu na ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, huvifunga kwa magazeti, akavizungushia nailoni, akaviweka katika ndoo yenye mfuniko, na mdomo wa ndoo akauzungushia selotepu hadi mfuniko usionekane. Ndoo huingia ndani ya kiroba. Pembeni huingia machungwa, viungo katika chupa za plastiki, na juu kabisa khanga au dela la kuziba nafasi ili vitu visigongane. Kisha kiroba hushonwa mdomo kwa sindano ya gunia na uzi wa katani, ambao Tanga haujawahi kuadimika. Naeleza ufungaji huu kwa kirefu kwa sababu nusu ya malalamiko ninayoyasikia kwa wenzangu wa kota kuhusu mizigo kuvunjika hutokana na boksi la karatasi lililofungwa kwa kamba moja. Buti la basi lina magunia, mabegi ya abiria na wakati mwingine tairi la akiba, na utingo hana muda wa kusoma maneno "shika taratibu".

Ofisi ya Tanga ndiyo bora kuliko zote katika mlolongo huu. Kuna mzani unaofanya kazi, karani huuliza kilichomo na kukiandika, risiti hutolewa bila kuombwa, na mama akiondoka dirishani huwa ameshapewa namba ya gari na simu ya ofisi itakayopokea Mbezi. Mama yangu ni mtu mzima asiyejua kutuma picha, na yule karani, kijana mwenye adabu anayemwamkia kila anapomwona, huipiga picha risiti kwa simu yake na kunitumia kwa WhatsApp kabla basi halijaondoka. Hilo halimo katika bei. Bei yenyewe, kwa kiroba cha kilo 20 hivi, imekuwa ya wastani kwa kipande cha Tanga hadi Dar es Salaam, na kwa kipande cha pili hadi Songea imekuwa kati ya shilingi 15,000 na 20,000. Ukilinganisha na nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi, pamoja na siku za njiani, ni fedha kidogo sana.

Mbezi ndipo nyota zinapopungua. Kituo cha mabasi cha Magufuli, kilichofunguliwa Februari mwaka 2021 na kuchukua nafasi ya Ubungo, ni kikubwa, kina nafasi na utaratibu ambao Ubungo haukuwa nao, na sina neno juu ya kituo chenyewe. Tatizo ni umbali kati ya dirisha na dirisha. Mzigo ulioshushwa kutoka basi la Tanga hauna miguu ya kwenda ofisi ya basi la Songea, na kampuni ya kwanza huona kazi yake imekwisha pale mzigo unapogusa sakafu yake, wakati kampuni ya pili huona kazi yake haijaanza mpaka mzigo ufikishwe mbele ya dirisha lake na ulipiwe. Katikati hapo panahitajika mtu. Kwa muda mrefu mtu huyo alikuwa mtoto wa shangazi yangu, anayesoma Dar es Salaam, lakini huwezi kumtoa mwanafunzi darasani kila mama anapokumbuka kwamba nimeishiwa pilipili manga. Sasa nategemea mpagazi mmoja wa pale kituoni, ambaye namlipa kwa simu, na ambaye kwa kweli ndiye mtoa huduma mwaminifu kuliko ofisi zote mbili zinazomzunguka.

Katika kipande hiki kuna tofauti kubwa kati ya kampuni na kampuni. Iko moja iliyo na ofisi Tanga na Songea pia, na mzigo ukikabidhiwa kwake Tanga hubaki mikononi mwake hadi mwisho. Risiti ni moja na wa kuuliza ni mmoja. Bei yake ni ya juu kidogo, na basi lake la Songea haliondoki kila siku. Nyingine huchukua vipande vyake tu, kwa bei nafuu, na huahidi "kukuunganishia" kwa kampuni rafiki. Neno hilo la kukuunganishia lisikieni kwa tahadhari. Nilipojifungua mtoto wetu wa pili, mume wangu alikuwa katika kikosi cha ulinzi wa amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mama, ambaye miguu yake haimruhusu tena kukaa kwenye basi siku mbili, alinitumia mzigo wa uzazi: mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, pilipili manga ya uji, udi na ubani, kitambaa cha kufungia tumbo, na khanga doti mbili. Mzigo uliunganishwa. Kilichofika Songea kwa jina langu kilikuwa ni boksi la vipuri vya pikipiki.

Siku zilizofuata zilikuwa za simu. Ofisi ya kwanza ilisema imekabidhi; ya pili ilisema imepokea ilichopewa; hakuna iliyosema nani alisaini. Nilikuwa nikinyonyesha huku simu iko begani, na kila nilipompata mtu aliyenisikiliza zamu yake iliisha. Jirani yangu wa kota, mama mtu mzima kutoka Kigoma ambaye ameshazaa katika kambi nne tofauti, aliingia jikoni kwangu bila kuniuliza, akapika uji kwa pilipili manga ya dukani, na akanifunga tumbo kwa khanga yake. Kiroba changu kilipatikana baada ya karibu wiki, kimelala chini ya rafu ileile ya Mbezi kilipowekwa siku ya kwanza, kwa sababu jina liliandikwa juu ya kipande cha selotepu na selotepu ikabanduka. Samahani niliyopewa ilikuwa ya maneno, tena ilitolewa kwa mama yangu, si kwangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa.

Kutokana na hayo nina mambo ya kuwaambia wanaotuma, na naomba yasichukuliwe kama ujuaji. Jina na namba ya simu viandikwe kwa maka peni juu ya kiroba chenyewe, pande mbili, na pia karatasi yenye maneno hayohayo iwekwe ndani, juu ya vitu, kabla ya kushona. Jina liwe lile lililo katika kitambulisho cha NIDA. Mama zetu wanapenda kuandika "Mama" likifuatiwa na jina la mjukuu, na kwa heshima ya nyumbani ni sahihi, lakini karani wa Songea akidai kitambulisho hatakuta humo jina la mtoto. Cheo cha mume, jina la kambi na namba ya kikosi visiandikwe kabisa: havimsaidii karani kwa lolote, na hakuna sababu ya kutangaza buti zima la basi kwamba nyumba fulani ya mwanajeshi inapokea mizigo. Kama ndani kuna kitu cha thamani, thamani hiyo itajwe na iandikwe kwenye risiti, hata kama karani atakunja uso.

Hilo la mwisho lina msingi wa kisheria ambao wateja wengi hawaujui. Kusafirisha vifurushi na vipeto kibiashara ni huduma ya posta chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na anayeifanya anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Kuwa na basi la abiria lenye kibali cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, hakutoshi. TCRA imekuwa ikizikumbusha kampuni za mabasi jambo hili mara kwa mara. Maana yake kwetu ni kwamba mzigo ukipotea tuna pa kwenda baada ya kampuni yenyewe kushindwa kutujibu, na lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za mawasiliano linalosimama upande wa mteja. Lakini pa kwenda huanzia kwenye risiti. Ofisi iliyobandika leseni yake ukutani mahali inapoonekana nimeiona ikijibu maswali kwa namna tofauti na ile isiyo nayo, na siku hizi ndicho kitu cha kwanza ninachomwomba mpagazi wangu anitazamie.

Songea yenyewe naisifu zaidi ya nilivyotarajia. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, kwa hiyo basi lililotoka Dar es Salaam alfajiri lilitufikia usiku, mzigo ukafungiwa ofisini, na aliyekuwa na samaki akalala na wasiwasi wake. Tangu Oktoba mwaka 2023, LATRA ilipoanza kuruhusu safari za saa 24, yapo mabasi yanayoondoka Dar es Salaam jioni na kutufikia mchana wa siku inayofuata. Sijui kama waliopanga jambo hilo walifikiria wake wa wanajeshi, lakini sisi tumefaidika kuliko abiria. Mwanamke aliye peke yake na watoto wawili ndani ya kambi hatoki getini saa nne usiku kwenda stendi. Kwanza atamwachia nani watoto, na pili atawaeleza nini askari wa zamu wakati wa kurudi.

Stendi kuu ya Songea iko eneo la Shule ya Tanga, nje kidogo ya katikati ya mji, na naam, kwa mtu wa Tanga hilo ni jambo la kuchekesha mara ya kwanza na la kuchosha baadaye. Kiroba kilichoandikwa "kutoka Tanga" kikifika Shule ya Tanga, katika kata ya Tanga, upo kila uwezekano wa mtu mgeni ofisini kudhani kwamba kimetoka hapohapo na kinapaswa kwenda kwingine. Tunaandika "Tanga mkoa" ili kuondoa utata huo. Makarani wa hapa huanza kwa salamu. "Shikamoo mama, mzigo wako umeshuka, njoo na kitambulisho," ndivyo simu inavyokuja, na simu huja kweli, wakati kule Mbezi hujui lolote mpaka upige wewe. Kitambulisho hutazamwa na si kuonyeshwa tu, jina hulinganishwa, daftari husainiwa. Ukiona mshono wa kiroba umefunguliwa, unaruhusiwa kukagua hapohapo mbele yao kabla ya kusaini, na mara moja karani mwenyewe ndiye aliyenizuia kusaini mpaka nikague. Ningetamani huyo apelekwe Mbezi akawafundishe wenzake.

Kasoro ya Songea ni ndogo na ni ya saa. Mzigo usiochukuliwa siku ile unaanza kutozwa ada ya kuhifadhiwa kuanzia siku inayofuata, na tangazo la ada hiyo limeandikwa kwa herufi ndogo upande wa ndani wa dirisha, ambako huoni mpaka umeshachelewa. Kwa mkazi wa mjini hii si shida. Kwa sisi wa kambini, kutoka hakutegemei hiari yetu peke yake: siku nyingine kuna shughuli na magari hayaingii, siku nyingine mume amechukuliwa kwa zamu ya ghafla na mtoto ana homa. Ada ni haki yao, ila itajwe katika ile simu ya kwanza.

Kutoka stendi hadi nyumbani ni kipande ambacho hakuna kampuni inayokihudumia, na sidhani kama yoyote itaweza. Bodaboda huishia getini. Mzigo hushushwa, hukaguliwa, na kuanzia hapo ni kichwa cha mwenye nao au mkokoteni wa kuazima. Wake wa kota tumejipangia utaratibu wetu: aliye na safari ya mjini huulizia mizigo ya wenzake, hubeba vitambulisho na barua fupi za ruhusa, na hurudi na bajaji moja ambayo nauli yake hugawanywa. Ofisi ya Songea inaukubali utaratibu huu kwa sharti kwamba mwenye mzigo apige simu mwenyewe kuthibitisha jina la anayemtuma, na naliona sharti hilo kuwa la haki. Siku za mwisho wa mwezi bajaji hurudi imeelemewa: vitunguu na alizeti vya mke wa fulani kutoka Singida, migebuka ya Kigoma, mchele wa Kyela, na kiroba changu kinachonuka papa. Harufu hiyo imenipatia wageni wa chakula cha mchana kuliko mwaliko wowote niliowahi kuutoa.

Niseme pia kile ambacho huduma hii haiwezi, kwa sababu nimeulizwa na mke kijana aliyehamia karibuni. Mume akiwa ulinzi wa amani nje ya nchi, basi halimfikii. Tanzania imekuwa na vikosi chini ya Umoja wa Mataifa Kongo tangu mwaka 2013, na wako waliokwenda Lebanon na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mizigo ya huko hufuata taratibu za jeshi lenyewe, na asije mtu wa stendi akakudanganya kwamba ana njia. Kwa miezi hiyo kifurushi kinakuwa cha upande mmoja tu, cha kutoka nyumbani kwenda kwa mke, na ndipo thamani yake inapokuwa kubwa zaidi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema wazee, lakini ng'onda ya mbali inalisha watoto jioni nzima.

Kurudisha mzigo Tanga ni rahisi kuliko kuupokea. Natuma maharage, unga wa dona, kahawa ya Mbinga, korosho za Tunduru zinapopatikana, na dagaa wa Ziwa Nyasa, ambao baba yangu, mvuvi mstaafu, huwala huku akisema kwamba hawafikii wa bahari. Ofisi ya Songea hupima, huandika na kutoa risiti kwa utaratibu uleule, na kwa kuwa mimi ndiye ninayelipa, kule Mbezi mara hii napigiwa simu mimi, kwa adabu zote, hata kuulizwa kama nimeridhika. Tofauti hiyo ya namna ninavyoongeleshwa, kwa dirisha lilelile na pengine na karani yuleyule, ndiyo iliyoondoa nyota moja nzima. Nusu iliyobaki ni ya ada ya kuhifadhi mzigo.

Kwa anayeanza kuitumia njia hii: chagua kampuni yenye ofisi Tanga na Songea pia hata kama ni ghali kidogo, epuka kutuma Alhamisi au Ijumaa ikiwa ndani kuna kitu kibichi, kwa kuwa mwisho wa wiki mabuti hujaa mabegi ya abiria na viroba ndivyo vinavyoachwa kusubiri gari la kesho yake, na wiki ya kufungua shule usitume kabisa. Machungwa yatumwe yakiwa bado na ukijani. Ndoo irudishwe, mama anaihesabu.